Mama wa Ziwa na Mtumbwi wa Mababu: Majoka ya Msitu wa Amazoni

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote kuhusu masimulizi ya Amazoni ni la urefu. Watu hutaka kujua kama kweli yamo majoka ya mita 20 ndani ya msitu ule, na wakishajibiwa kwamba ushahidi wake haujapatikana, huona mazungumzo yamekwisha. Mimi ni mtafiti wa fasihi simulizi, na kwangu mazungumzo huanzia hapo. Masimulizi ya jamii zinazoishi kando ya mito Ucayali, Marañón, Uaupés na Tocantins hayashughuliki sana na vipimo vya joka. Yanashughulika na makazi yake, kazi yake, watu wenye ruhusa ya kulisogelea, na yanayotokea siku linapohama. Katika makala haya nitaeleza kwa nini nasadiki kwamba joka hilo ni maelezo ya mto na mwenendo wake, yaliyotungwa na watu wanaoujua mto kuliko mtu mwingine yeyote, na kwamba anayelisoma kama habari ya mnyama iliyotiwa chumvi hupoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Suala la urefu naliondoa kwanza, kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Anakonda wa kijani, ambaye jina lake la kisayansi ni Eunectes murinus, ndiye nyoka mzito kuliko wote walio hai leo. Mwanabiolojia Jesús Rivas, aliyeanza kuwachunguza katika nyanda za Llanos nchini Venezuela mwaka 1992, amewapima mamia, na jike mkubwa kuliko wote aliyepita mikononi mwake alikuwa na urefu wa mita 5.21 na uzito wa kilo 97.5. Mwaka 2024 kundi la wanasayansi waliofanya kazi pamoja na Wawaorani wa Ekwado liliripoti jike wa mita 6.3. Chatu wa Asia ya Kusini-Mashariki humpita anakonda kwa urefu, na hata yeye ni nadra sana kuvuka mita 7. Mwanzoni mwa karne ya 20 Theodore Roosevelt alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa mtu atakayeleta nyoka hai wa futi 30, yaani mita 9 na kidogo. Shirika la wanyama la New York lililoirithi likaipandisha hatua kwa hatua hadi dola 50,000, na mwishowe ikafutwa bila mtu yeyote kuichukua.

Simulizi ya mzungu inayorudiwa zaidi katika suala hili ni ya Percy Fawcett, mpima ardhi wa Kiingereza aliyetumwa kuchora mpaka wa Bolivia na Brazili, ambaye alidai kwamba mwaka 1907, kwenye mto Abunã, alimpiga risasi anakonda wa futi 62, karibu mita 19. Ukiisoma taarifa yake kwa makini utakuta jambo la kushangaza: anasema mwili wa nyoka huyo ulikuwa na kipenyo cha inchi 12 tu. Mnyama wa mita 19 mwenye unene huo angekuwa mwembamba kupita kiasi, na Fawcett mwenyewe alihisi ugumu huo, akaandika kwamba huenda nyoka alikuwa amekaa muda mrefu bila chakula. Kitabu chenye habari hiyo kilitolewa na mwanawe mwaka 1953, miaka 28 baada ya baba kutoweka msituni. Sitaki kumwita mwongo. Nyoka aliye majini ni nadra kunyooka, sehemu ya mwili wake haionekani, na mtu aliye ndani ya mtumbwi mdogo hana kitu cha kumlinganisha naye. Tena gamba linalovuliwa au ngozi inayochunwa hunyumbuka, hata ikawa ndefu kuliko mwili ulioivaa. Na wakati wa kujamiiana anakonda jike huzungukwa na madume wengi kwa pamoja, wakafanya fundo moja la miili ndani ya maji ya kina kifupi. Nadhani mtu anayekutana na fundo hilo ghafla ana kila sababu ya kuamini kwamba ameona mwili mmoja.

Wapo pia wanaosema kwamba masimulizi haya ni kumbukumbu ya Titanoboa, nyoka wa kale ambaye mabaki yake yalichimbuliwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, kaskazini mwa Kolombia, na kutangazwa mwaka 2009. Nyoka huyo alikadiriwa kuwa na karibu mita 13 na zaidi ya tani moja, na ni ugunduzi mkubwa kwa wanaochunguza hali ya hewa ya zamani, kwa sababu mwili wa ukubwa huo, kwa kiumbe asiyezalisha joto lake mwenyewe, ulihitaji msitu wenye joto kuliko misitu ya leo. Hata hivyo aliishi miaka milioni 58 hadi 60 iliyopita, na hakuna binadamu aliyekuwapo kumwona wala kumsimulia. Anayetafuta chanzo cha joka la Amazoni ndani ya mgodi wa Cerrejón anawanyang'anya wasimulizi akili yao, kana kwamba wasingeweza kuwaza kitu kikubwa bila kwanza kukiona.

Wasafiri wa mwanzo kutoka Ulaya waliandika walichosikia, lakini walikiandika kwa njia iliyoacha mengi nje. Charles-Marie de La Condamine, mwanasayansi Mfaransa aliyeteremka mto Amazoni mwaka 1743, aliorodhesha Yacumama, yaani mama wa maji, miongoni mwa wanyama wa nchi ile, akampa urefu wa futi 25 hadi 30 kwa mujibu wa alivyoambiwa. Orodha hiyo imefanya kazi kubwa kuliko alivyokusudia, kwa maana tangu hapo mama wa maji amehesabiwa pamoja na wanyama. Karne moja baadaye Henry Walter Bates, aliyekaa Amazoni kuanzia 1848 hadi 1859, alikuwa mwangalifu zaidi. Anaeleza jinsi anakonda alivyovunja tundu la kuku lililokuwa kwenye chombo chake usiku na kuondoka na kuku wawili, jinsi wanakijiji waliokuwa wameibiwa kuku vilevile walivyomsaka na kumuua, na vipimo vyake baadaye: futi 18 na inchi 9. Kisha, akiwa amekwisha kumaliza habari za mnyama huyo, anaongeza kwamba wenyeji wanaamini katika joka la majini lenye urefu usio na kifani, ambalo huonekana sehemu mbalimbali za mto, nalo huitwa mama wa maji. Bates alidhani imani hiyo ilitokana na kuonekana kwa anakonda wakubwa kupita kawaida. Hapo sikubaliani naye, ingawa namshukuru kwa kuandika habari ya mwizi wa kuku na habari ya joka kila moja mahali pake, bila kuchanganya mambo hayo mawili.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kila nitakachosema. Mvuvi wa Ucayali anamjua anakonda vizuri: anajua anapojificha, anachokula, msimu anaozaa. Anapozungumza juu ya mama wa ziwa anazungumzia kitu kingine, chenye umbo la nyoka huyo.

Katika nyanda za mafuriko za Loreto nchini Peru kuna maelfu ya maziwa yanayoitwa cocha, ambayo mengi yake ni vipande vya mto vilivyokatika. Mto unaopinda kama Ucayali hula ukingo wa nje wa pindo lake mwaka hata mwaka, mahali pengine kwa makumi ya mita ndani ya mwaka mmoja, mpaka shingo ya pindo inakuwa nyembamba, maji yanajipasulia njia fupi, na pindo la zamani linabaki peke yake, limejikunja katikati ya msitu. Atazamaye ramani ya Ucayali, au apandaye mti mrefu kandokando yake, ataona maumbo hayo kila upande. Basi masimulizi yanasema kwamba kila ziwa la namna hiyo lina mama wake, na mama huyo ni joka. Akiwa ndani, maji hudumu na samaki huzaliana. Akiuawa au akikasirishwa akaondoka, ziwa hukauka. Mgeni akifika kwa kelele, au mtu akivua bila adabu, ziwa huchafuka, upepo huvuma, mvua kubwa hunyesha ghafla, na mtumbwi huzama. Ziwa la aina hiyo huitwa ziwa kali, na wenyeji huliacha lipumzike.

Sasa tazama imani hiyo inafanya nini. Ziwa lililokatika kutoka mtoni kweli hufa: linajaa tope, mimea inalifunika, na samaki wanaisha. Linadumu zaidi pale mafuriko ya kila mwaka yanapoliunganisha tena na mto na samaki wakaingia kuzaa. Ziwa lisilovuliwa, kwa kuwa watu wanamwogopa mama wake, huwa ghala la samaki la eneo zima, kwa sababu mafuriko yakija samaki hao hutawanyika kwenye maji mengine. Sisemi kwamba wazee walikaa chini wakabuni joka ili wahifadhi samaki. Maelezo ya namna hiyo ni mepesi mno na huwafanya wasimulizi waonekane kama watu wanaowatisha watoto. Nasema kwamba wamelijua ziwa kuwa kitu chenye uhai, chenye umri, kinachoweza kuondoka, na wamempa uhai huo mwenyewe anayefaa: kiumbe aliyejikunja vilevile lilivyojikunja ziwa, anayekaa pale pale miaka mingi, na ambaye siku moja hutoka kwenda mtoni.

Kutoka huko ndiko kunakosimuliwa kwa uzito zaidi. Katika sehemu nyingi za Amazoni ya Brazili, joka linaloitwa Cobra Grande au Boiúna hukua mpaka makazi yake yanakuwa madogo, na linapoondoka kuelekea mto mkubwa, njia linayojiburuza inabaki kuwa mkondo mpya wa maji. Vivyo hivyo kuna janga ambalo wakazi wa kingo huliita ardhi zilizoanguka: kipande cha ukingo, wakati mwingine chenye miti, mashamba na nyumba, humeguka na kuporomoka mtoni kwa mpigo mmoja, kikiinua mawimbi yanayozamisha mitumbwi ya upande wa pili. Wanajiolojia wanaeleza kwamba mkondo huchimba mchanga na udongo laini kutoka chini, na kwamba maji ya mafuriko yanapopungua, ukingo uliolowa hupoteza egemeo lake na kuanguka kwa uzito wake mwenyewe. Mjini Manaus kina cha mto hupanda na kushuka takriban mita 10 kati ya msimu wa mvua na wa ukavu, kwa hiyo nguvu zinazohusika ni kubwa mno. Wakazi wanasema joka limegeuka chini ya ukingo. Kwa mtu aliyeona nusu ya kijiji ikitoweka usiku, maelezo yote mawili yanasema kwamba ardhi anayoikalia ina kitu kinachotembea chini yake, na kwamba hakuna ukingo wa kudumu.

Joka la nchi kavu lina tabia tofauti, nalo nalipenda kwa utulivu wake. Sachamama, mama wa msitu, ni mzee kiasi kwamba ameacha kutembea. Majani yameoza juu ya mgongo wake yakawa udongo, vichaka vimeota, hata miti imemea, na mwindaji aliyechoka huketi juu yake akidhani ni gogo lililoanguka. Wanyama wanaopita mbele ya kinywa chake huvutwa kwa pumzi yake. Hapa hakuna mwendo wala kimbunga kama cha mama wa ziwa. Kuna uzito wa kitu kilichokaa mahali pamoja mpaka kikawa mahali penyewe. Ukiyaweka majoka haya mawili pamoja, unapata nusu mbili za elimu ya msitu wa mafuriko: maji yasiyotulia, na ardhi iliyoinuka ambayo imeshikwa na mizizi.

Kuhusu macho yanayowaka, ambayo hutajwa karibu katika kila simulizi, nina maelezo mafupi. Macho ya nyoka hayana ule utando wa nyuma unaorudisha mwanga wa tochi, lakini macho ya kaimani mweusi, jamaa wa mamba anayeweza kufikia mita 4 au 5, hung'aa mekundu usiku juu ya maji. Inawezekana sifa ya mmoja imehamia kwa mwingine. Baada ya meli za mvuke kuanza safari za kawaida kwenye Amazoni mwaka 1853, sifa hiyo ilipanuka: Boiúna ilianza kuonekana kama meli iliyowashwa taa zote, isiyo na nahodha wala abiria, inayomfuata mvuvi na kisha kutoweka. Simulizi haikufa meli zilipofika. Ilizimeza meli zenyewe.

Mjini Belém, karibu na mlango wa Amazoni, wakazi husimulia kwamba joka kubwa limelala chini ya mji, kichwa kikiwa chini ya kanisa kuu la Sé na mkia chini ya basilika la Nazaré, na kwamba likiamka mji utazama. Kati ya makanisa hayo mawili ndipo yanapopita, kila Oktoba, maandamano ya Círio de Nazaré, yaliyoanza mwaka 1793 na yenye umati mkubwa kuliko karibu maandamano mengine yoyote ya Kikatoliki duniani. Mji wa Óbidos, juu zaidi mtoni, una joka lake pia, kichwa chini ya altare ya Mtakatifu Anna na mkia mtoni, nalo limeingia ndani ya simulizi maarufu ya mapacha Honorato na Maria Caninana. Mama yao alipata mimba alipokuwa akioga mtoni, akazaa watoto wawili wenye umbo la nyoka, akawatupa majini, nao wakakulia humo. Honorato alikuwa mwema: aliwaokoa waliokuwa wakizama, alimtembelea mama yake, na usiku alivua gamba lake ukingoni, akawa kijana mtanashati, akaenda kucheza ngoma. Maria alizamisha mitumbwi na kuwatesa waliozama, na siku moja alimwuma joka wa Óbidos ili amwamshe, hata ardhi ya mji ikapasuka ufa kuelekea kanisani. Ndugu yake akalazimika kumuua.

Sehemu ya mwisho ya simulizi hiyo naiona kuwa ya ajabu kuliko zote. Ili Honorato abaki mtu, ilibidi mtu jasiri aliendee gamba lililolala ukingoni, adondoshe matone ya maziwa ya mama katika kinywa chake na kulipiga kichwani kwa chuma kipya mpaka litoke damu. Marafiki wengi walijaribu wakakimbia walipouona ukubwa wake, mpaka askari mmoja wa Cametá, kwenye mto Tocantins, alipothubutu. Wataalamu wengi wameona humo mchanganyiko wa imani za Wenyeji, Wareno na Waafrika, na wana hoja. Nami naongeza kwamba simulizi imezaliwa katika jamii ya watu waliotolewa kwenye vijiji vyao na kukusanywa katika miji ya kikoloni, na swali lake ni lile ambalo watu hao waliishi nalo: mtoto wa mto atakubalika vipi kuwa mtu wa mjini, na nani atamfanyia kazi hiyo? Joka lililolala chini ya altare linajibu kwa upande wake, kwamba mji umejengwa juu ya wenyeji wake wa kwanza na wao bado wamo.

Ukipanda hadi kaskazini-magharibi, katika bonde la Uaupés linalogawanywa kati ya Kolombia na Brazili, joka linaacha kuwa hatari na linakuwa babu. Watukano, Wadesana, Wabarasana na jamaa zao husimulia kwamba wanadamu wa kwanza walisafiri ndani ya anakonda aliyekuwa pia mtumbwi. Safari ilianzia Ziwa la Maziwa, mashariki kabisa, ikapanda mto Negro na kisha Uaupés, ikisimama mahali pengi. Katika kila kituo abiria waliokuwa bado kama samaki walipata kitu fulani cha kibinadamu, mapambo, nyimbo, mimea au lugha. Kwenye maporomoko ya Ipanoré walitokea nchi kavu kupitia matundu ya mwamba, na matundu hayo yanaonyeshwa hadi leo. Kila kundi lina anakonda wake wa asili, na ndani ya kundi mwili wa anakonda ndio mpangilio wa jamii: waliotoka kichwani ni koo za wakubwa, wenye uongozi, wanafuata wachezaji na waimbaji, mashujaa wa vita, waganga, na mkiani watumishi. Kwa kanuni, koo kubwa hukaa chini mtoni kwenye maji mapana na koo ndogo karibu na chanzo, ingawa katika maisha ya kila siku mambo hayaendi kwa unyoofu huo.

Nimekaa juu ya mfano huu kwa sababu unaondoa kabisa wazo kwamba joka ni hofu iliyopewa mwili. Hapa joka ni ramani, ni historia ya uhamiaji, ni katiba. Mzee anayekariri vituo vya safari kwa mfuatano wake anataja maporomoko, visiwa na midomo ya vijito ambavyo kila mpiga kasia anaweza kuvikuta, na wakati uleule anasema nani ni mkubwa kwa nani, na nani anaweza kuoa wapi, kwa kuwa mtu huoa katika kundi lenye anakonda mwingine na lugha nyingine. Elimu ya waganga wa mto Pirá Paraná, inayoshikamana na masimulizi haya na inayoongoza tiba na sherehe za mwaka mzima, iliingizwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Upande wa sanaa nitautaja kwa ufupi zaidi ya unavyostahili. Washipibo-Konibo wa Ucayali husema kwamba michoro yao ya mistari, kené, ambayo wanawake huichora kwenye nguo, vyungu na miili, imetoka katika ngozi ya Ronin, anakonda mkuu ambaye mwili wake una michoro yote iliyopo na itakayokuwapo. Peru iliitangaza kené kuwa urithi wa taifa mwaka 2008. Watu wa jamii ya Huni Kuin wanaoishi mpakani mwa Peru na Brazili wana simulizi ya mwindaji aliyemwona tapiri, mnyama mkubwa wa msituni, akitupa matunda ya jenipapo ziwani na mwanamke mrembo akatoka majini. Mwindaji akaiga, akamwoa mwanamke huyo wa jamii ya nyoka, akaishi naye chini ya maji, akanywa pamoja na wakwe zake kinywaji cha ayawaska kinacholeta maono, na katika maono hayo akawaona walivyo kweli, akapiga kelele za hofu. Alitoroka, akapatikana na kujeruhiwa, na kabla hajafa akawafundisha watu wake mmea na namna ya kuuandaa. Elimu kubwa ilinunuliwa kwa kukosa adabu ugenini. Wasimulizi hawafichi jambo hilo.

Umri wa fikra hizi ni mrefu, na ushahidi upo kwenye mawe. Mwaka 2024 wanaakiolojia walichapisha katika jarida la Antiquity uchunguzi wa michoro mikubwa iliyochongwa kwenye miamba ya Orinoco ya kati, karibu na maporomoko ya Atures, mpakani mwa Kolombia na Venezuela. Nyoka mmoja kwenye mwamba wa Cerro Pintado ana urefu wa zaidi ya mita 40. Michoro hiyo haiwezi kupewa tarehe moja kwa moja, lakini maumbo yanayofanana nayo yapo kwenye vyombo vya udongo vya eneo hilo vinavyofikia umri wa miaka 2,000. Watafiti hao wanadhani nyoka hao walichongwa waonekane kutoka mbali, kwa wasafiri wa mtoni, kama tangazo la nani mwenye eneo. Hilo linakubaliana kabisa na joka la Uaupés: mwili wake ni hati ya umiliki wa mto.

Na hati hiyo imefika mahakamani katika zama zetu. Wakukama wa Marañón ya chini, nchini Peru, humwita joka mkuu Purahua na kumhesabu kuwa mama wa mto. Chini ya maji kuna miji ya watu wanaoitwa karuara, ambao hulala kwenye bembea ambazo ni nyoka na kuketi juu ya kobe, na ndugu aliyezama bila mwili wake kupatikana anaishi huko, akiwasiliana na familia yake kwa ndoto na kwa njia ya waganga. Kwa hiyo mafuta yanapovuja kutoka kwenye bomba na kuingia mtoni, au unapoletwa mpango wa kuchimba vina vya mto ili meli kubwa zipite mwaka mzima, Mkukama anaona samaki, maji ya kunywa na jamaa zake vimeguswa pamoja. Mwaka 2021 shirikisho la wanawake Wakukama liitwalo Huaynakana Kamatahuara Kana lilifungua kesi, na mwezi Machi 2024 mahakama ya Nauta, huko Loreto, ikatamka kwamba mto Marañón ni mwenye haki: haki ya kutiririka, ya kutochafuliwa, ya kurejeshwa hali yake ukiharibiwa, na ya kuwakilishwa. Kiongozi wa shirikisho hilo, Mariluz Canaquiri, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2025.

Wapo wanaosema kwamba imani ya Purahua haikuhitajika katika kesi ile, kwamba vipimo vya sumu ndani ya maji vingetosha. Nimelifikiria sana jambo hilo, na sioni hivyo. Vipimo vinathibitisha kwamba maji yamechafuka siku fulani mahali fulani. Havisemi kwamba mto wote, kutoka chanzo hadi mdomo, pamoja na maziwa yaliyokatika na vijito vinavyokauka, ni kiumbe kimoja ambacho ukikijeruhi mkiani kitaumia kichwani. Wazo hilo Wakukama walikuwa nalo tayari, likiwa na jina na sura, na ndilo lililowawezesha kudai haki za mto mzima wakati wengine wangedai fidia ya kijiji kimoja. Mahakama iliyatambua mashirika ya wenyeji kuwa walinzi na wawakilishi wa Marañón pamoja na vyombo vya dola, ikaagiza yaundwe mabaraza ya bonde ambamo wenyeji watakaa na kupiga kura. Utekelezaji wake ndio ninaoufuatilia sasa, hasa kuona kama wazee wanaojua ziwa lipi lina mama na lipi limekwisha kuachwa watapewa nafasi katika mabaraza hayo.